Mzee wa Mizani: Maisha, Ugonjwa na Wasia wa Baba Aliyejiandaa

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Moshi

Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiun. Katika mwezi wa Rajabu uliopita, Waislamu wa Old Moshi tulimsindikiza katika safari yake ya mwisho mzee aliyekuwa nguzo ya msikiti wetu kwa zaidi ya miaka arobaini. Hatutamtaja kwa jina. Yeye mwenyewe aliusia hivyo, akihofia kwamba sifa za gazetini zingemnufaisha msomaji wa sifa kuliko mwenye kusifiwa. Hata hivyo, mjane wake na watoto wake wameturuhusu kuyasimulia maisha yake, na hasa miezi kumi na minne ya ugonjwa wake, kwa kuwa ndani yake mna mambo ambayo familia nyingi za Kiislamu huyakwepa mpaka msiba unapobisha hodi.

Si jambo geni kusikia msibani kwamba marehemu aliipenda familia yake. Ni jambo la nadra zaidi kuona familia ikimaliza eda, ikilipa madeni na kugawana mirathi bila mtu kumpa mwenzake mgongo. Familia ya mzee huyu imefanya hivyo, na haikuwa kwa bahati.

KARANI WA KAHAWA

Wenyeji wengi wa vijiji vyetu walimfahamu kwa kazi yake. Alikuwa karani wa kupima kahawa katika chama cha msingi cha ushirika. Vijana wa leo waliozikuta migomba ikiwa imeizidi mibuni huenda wasielewe uzito wa kazi hiyo. Wakulima wa mlimani walianzisha chama chao kikuu, KNCU, mwaka 1933, na kwa vizazi kadhaa kahawa ndiyo iliyolipa karo, iliyoezeka nyumba na iliyomtoa bwana harusi nyumbani kwao. Mkulima alichuma, akamenya, akaosha, akaanika, kisha akabeba gunia mpaka kwenye mizani. Malipo yalikuja kwa awamu: ya kwanza wakati wa kupima, na nyingine baada ya kahawa kuuzwa. Haki ya mkulima, kwa hiyo, ilikaa katika sindano ya mizani na katika daftari la karani.

Marehemu alikuwa na desturi moja iliyowachosha wenzake na kuwafurahisha wakulima. Hakuandika kilo kabla mwenye gunia hajasogea na kuisoma sindano yeye mwenyewe. Ikiwa mwenye gunia ni bibi asiyejua kusoma, alimwita mtoto wa shule asome kwa sauti. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba Mwenyezi Mungu ameshusha sura nzima yenye onyo kwa wapunjaji, naye hana ubavu wa kusimama mbele ya Mola wake akidaiwa ratili moja ya mjane. Vyama vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976 alirudi shambani, na viliporejeshwa katika miaka ya 1980 wakulima ndio waliomfuata nyumbani wakamtaka arudi kwenye mizani.

Nyumbani kwake alikuwa mtu wa maneno machache. Alikamua ng'ombe mwenyewe alfajiri baada ya sala, akasafisha zamu yake ya mfereji wa maji, na jioni akakaa na watoto wake wawili wa kiume na watatu wa kike kuwasikiliza Kurani. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba mbora wetu ni yule aliye mbora kwa watu wa nyumbani kwake. Mjane wake ametuambia kwamba katika ndoa ya miaka arobaini na sita hakuwahi kusikia akiitwa kwa jina la kumdhalilisha, wala hakuwahi kuona chakula kikisukumwa kando.

UKOO MMOJA, DINI MBILI

Ukoo wake, kama zilivyo koo nyingi za Kilimanjaro, una Waislamu na Wakristo. Yeye na dada yake mkubwa walizaliwa nyumba moja na mdogo wao wa kiume. Enzi za utoto wao shule nyingi za mlimani zilikuwa za misheni, na hao wawili walibatizwa huko shuleni. Marehemu alibaki katika dini ya baba yake. Hakuna aliyemtenga mwenzake kwa hilo. Kila mwezi wa Desemba, ndugu walipopanda kutoka Dar es Salaam na Arusha, yeye ndiye aliyechinja, ili kila mwenye kuketi uani apate kula nyama ile bila shaka moyoni. Walipotengewa mbege wao, yeye na wanawe walitengewa chai, na mazungumzo yakaendelea.

Kilichomtenganisha na mdogo wake hakikuwa dini. Kilikuwa mpaka. Vihamba vyetu hutenganishwa kwa masale, na mwaka mmoja masale ya upande wa juu yalionekana yamesogea hatua mbili. Kila mmoja alimshuku mwenzake. Ndugu hao waliokaa umbali wa kusikia kikohozi walipitisha miaka tisa wakisalimiana kwa sababu ya majirani tu.

CHAKULA KILIPOANZA KUKWAMA

Ugonjwa ulianza kidogo kidogo. Nyama ilimkwama, akaiacha. Kisha ugali ukawa unashuka kwa maji. Familia ilidhani ni vidonda vya tumbo, ikanunua dawa dukani, ikachemsha mizizi, na miezi minne ikapita. Alipokuwa amekonda kiasi cha kanzu kumpwaya, binti yake mkubwa, ambaye ni mwalimu, alimpeleka hospitali ya rufaa ya KCMC, ile iliyofunguliwa hapa Moshi mwaka 1971. Alipimwa kwa kamera inayoingizwa kooni, kikachukuliwa kinyama, na jibu likaja kwamba ni saratani ya umio, yaani njia ya chakula itokayo kooni kwenda tumboni, nayo ilikuwa imekwisha kusambaa.

Wasomaji wetu wa mlimani wanapaswa kuufahamu ugonjwa huu. Saratani ya umio ni nyingi katika ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, na Kilimanjaro tumo ndani yake. Wataalamu hawajaafikiana juu ya sababu moja. Hutajwa tumbaku, pombe, lishe duni, moshi wa kuni, na chai au uji unaonywewa ukiwa wa moto mno. Mwaka 2016 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kuwa vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani hii. Marehemu hakuwahi kugusa pombe wala sigara, lakini chai yake aliipenda ikitoka jikoni moja kwa moja. Hatusemi kwamba hiyo ndiyo iliyomuua, kwa maana ajali ya kila mja iko kwa Mola wake. Tunasema tu kwamba kuiacha chai ipoe kidogo hakugharimu kitu, na kwamba mtu anayekwama chakula kwa wiki mbili au tatu asingoje miezi minne.

Alipelekwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, akapata mionzi ya kupunguza maumivu na kufungua njia. Aliporejea aliweza kumeza mtori kwa muda. Mkewe aliupika ndizi zikavunjika kabisa, akauchuja kwa kitambaa, akauacha upoe. Ulipokuja wakati mtori nao ukakwama, madaktari walimwekea mpira wa kumlishia tumboni. Hapo ndipo mzee aliyelisha wengine maisha yake yote alipoona haya. Kwa siku mbili alikataa kulishwa mbele ya wanawe. Mwanawe wa mwisho alimwambia: "Baba, ulinilisha mimi kabla sijajua kusema asante. Niachie na mimi thawabu yangu." Tangu siku hiyo watoto walifanya zamu, na binti mkubwa akajifunza kwa wauguzi namna ya kusafisha mpira ule, akawafundisha wengine.

IBADA KITANDANI

Kwa watu wa Moshi kibla ni kaskazini, ukiegemea mashariki kidogo, na huko ndiko uliko mlima. Alipolazwa, kitanda chake kilielekea upande mwingine. Muuguzi mmoja Mkristo alimwona akijipinda kwa taabu kila wakati wa sala, akamuuliza binti yake mgonjwa anatafuta nini. Alipoelezwa, alimwita mwenzake wakakigeuza kitanda. Marehemu alimwombea muuguzi yule dua kila siku mpaka mwisho.

Sheria yetu ni nyepesi kwa mgonjwa, lakini wagonjwa wengi hawaelezwi wepesi huo, nao huacha sala kabisa au hujitesa. Mtume alimfundisha Imran bin Huswain asali kwa kusimama, asipoweza aketi, asipoweza alale ubavu. Mwenye kushindwa kutumia maji hutayamamu. Mzee wetu alipita ngazi zote hizo mmoja baada ya mwingine, na katika wiki zake za mwisho alisali kwa ishara ya kichwa.

Ramadhani ndiyo iliyomliza. Hakuwa ameacha kufunga tangu ujana wake. Sheikh wetu alimweleza kwamba mgonjwa asiyetarajiwa kupona hana deni la kufunga, bali hulisha maskini mmoja kwa kila siku. Akaomba fidya hiyo isitolewe kwa fedha za wanawe, itolewe kwa maziwa ya ng'ombe wake aliyekuwa akimkamua mwenyewe. Ikawa hivyo kwa mwezi mzima.

Jambo lingine lililohitaji fatwa lilikuwa maumivu. Madaktari walimpa mofini ya maji, ambayo ni dawa kali ya kutuliza. Aliposikia kuwa inatokana na afyuni aliikataa, akisema hataki kukutana na Mola wake akiwa amelewa. Wanazuoni wameruhusu dawa ya namna hiyo kwa dharura ya matibabu, kwa kipimo cha daktari, pasipokuwa na dawa nyingine itoshayo. Baada ya kuelezwa aliikubali, kwa sharti kwamba apewe kwa kiasi kitakachomwachia akili ya kusali. Madaktari walilipokea sharti hilo kwa heshima na wakapanga saa za dawa pamoja naye. Ndugu zangu wenye wagonjwa majumbani, subira haimaanishi kumnyima mgonjwa dawa. Maumivu yakipungua, ulimi hupata nafasi ya kumtaja Mwenyezi Mungu.

DENI LA MAHARI

Miezi mitano kabla ya kufariki aliniita nyumbani kwake pamoja na mashahidi wawili, akaniomba nishike kalamu. Alitaka kuandika wasia. Abdullah bin Umar amepokea kutoka kwa Mtume kwamba haimfalii Muislamu mwenye kitu cha kuusia apitishe masiku mawili ila wasia wake uwe umeandikwa kwake. Bukhari na Muslim wameipokea hadithi hiyo, nasi tunaisoma misikitini, kisha twenda zetu kulala.

Alianza na madeni. Karani hasahau. Alitaja duka la jirani, alitaja saruji aliyokopa alipojenga choo, alitaja hata mkulima mmoja ambaye miaka mingi iliyopita walikosana kilo nne, na ijapokuwa aliamini daftari lake lilikuwa sahihi, aliagiza warithi wa mkulima huyo walipwe ili roho itulie. Kisha akanyamaza, akamtazama mkewe, akasema: "Andika na mahari."

Ikabainika kwamba alipooa alitoa sehemu tu ya mahari, na iliyobaki iliahidiwa "mambo yakikaa sawa." Miaka arobaini na sita ilipita. Mama yetu alicheka huku machozi yakimtoka, akasema amekwisha kusamehe zamani. Mzee alimjibu: "Huwezi kusamehe ambacho hujakishika. Kipokee kwanza, kiwe mali yako, kisha ufanye upendalo." Kwa kuwa fedha ya wakati ule haina thamani leo, walikubaliana kwa thamani ya mbuzi, akauzwa ndama, na fedha ikawekwa mkononi mwa mama mbele yetu. Alichofanya nazo ni siri yake. Lakini ni wangapi miongoni mwetu tunaosikia khutba za haki za wake huku mahari ya wenzetu wa ndoa ingali deni shingoni? Mahari isiyolipwa ni deni kama madeni mengine, na hutolewa kabla ya warithi kugusa chochote.

KIHAMBA NA MABINTI

Sehemu nzito ilikuwa kihamba. Kwa mila ya Kichagga, ardhi ya ukoo huenda kwa wana wa kiume, hasa wa kwanza na wa mwisho, na binti huhesabiwa kuwa atakula kwa mumewe. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratun Nisaa kwamba wanaume wana fungu na wanawake wana fungu katika wanayoyaacha wazazi na jamaa, yakiwa machache au mengi. Familia ngapi za Kiislamu mlimani hufuata sheria katika nikahi na mazishi, na zikifika kwenye kihamba hurudi kwenye mila?

Hesabu ya mzee huyu ilikuwa rahisi kwa wenye kutaka kuifuata. Mke aliyeachwa na watoto hupata thumni, yaani sehemu moja kati ya nane. Zilizobaki saba hugawanywa kwa watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Kwa wana wawili na mabinti watatu, kila mwana hupata sehemu mbili na kila binti sehemu moja. Jumla ni nane kamili.

Baadhi ya wazee wa ukoo waliposikia walipanda kuja kumzuia. Walisema ardhi itaingia mikononi mwa wakwe. Aliwasikiliza wote, kisha akasema kwa sauti iliyokuwa imekwisha kukwaruza: "Maisha yangu yote nimepima kahawa ya mwanamume na ya mwanamke kwa mizani moja. Mlinisifu kwa hilo. Leo mnanitaka nipunje kwa wanangu wa kuwazaa?" Hawakumjibu.

Hakuigawa ardhi akiwa hai. Aliandika tu kwamba mirathi yake igawanywe kwa sheria ya Kiislamu, akawataka wanawe wa kiume waweke saini zao kuwa wamesikia. Katika theluthi anayoruhusiwa mtu kuusia kwa wasiokuwa warithi, hakuifikia hata robo yake. Alikumbuka kisa cha Saad bin Abi Waqqas, aliyeambiwa na Mtume kwamba theluthi nayo ni nyingi, na kuwaacha warithi wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiomba. Aliusia fedha kidogo kwa madrasa, na mtamba mmoja kwa dada yake, ambaye kwa tofauti ya dini na kwa kuwapo watoto wa kiume hakuwa mrithi, lakini ndiye aliyembeba mgongoni utotoni.

JANI LA SALE

Baada ya wasia kutiwa saini alibakiwa na jambo moja. Alimtuma mwanawe mkubwa kwa mdogo wake akiwa na jani la sale. Kila Mchagga anajua maana yake: aliyetumiwa sale ameombwa msamaha, na si heshima kulikataa. Alimweleza mwanawe kwamba jani halina nguvu yoyote, ni lugha tu ya watu wake, na msamaha wenyewe unatoka kwa Mwenyezi Mungu.

Mdogo wake alikuja jioni ileile. Hawakuzungumzia nani aliyesogeza mpaka. Marehemu alisema tu kwamba hatua mbili hizo ziwe zake mdogo wake, zikiwa zawadi kutoka kwake, na wanawe wakaridhia. Mdogo wake alikataa. Wakashindana kupeana ardhi ile waliyoigombania kwa miaka tisa, mpaka wakakubaliana masale yapandwe katikati. Tangu hapo mdogo wake hakukosa siku kuja kukaa naye, na mara nyingine alimshika mkono akimwelekeza kaskazini wakati wa sala.

SIKU YA MAZIKO

Alifariki alfajiri, kalima ikiwa mdomoni, na mkewe akiwa amekilaza kichwa chake mapajani. Aliusia asicheleweshwe. Kwa desturi ya kwetu maiti husubiri ndugu wa mbali, na hapo ndipo huzuka manung'uniko katika koo zenye dini mbili. Lakini yeye alikuwa amewaeleza wote mapema, mmoja mmoja, hata wa Dar es Salaam kwa simu. Alizikwa baada ya Adhuhuri, kihambani kwake. Dada yake alifika siku ya pili, akaenda moja kwa moja kaburini, na hakumlaumu mtu. Mdogo wake alikuwa mmoja wa waliolibeba jeneza.

Aliusia pia watoto wake wasikope kwa ajili ya kulisha waombolezaji. Mtume aliagiza familia ya Jaafar ipikiwe, kwa kuwa walikuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Majirani, Waislamu na Wakristo, walileta ndizi, maziwa na kuni kwa siku tatu. Baada ya mjane kumaliza eda, thamani ya kihamba na ya shamba la mahindi la tambarare ilihesabiwa kwa pamoja. Kihamba kimebaki kizima kwa mama na wanawe wawili, mabinti wamechukua shamba la tambarare, na pale palipopungua kaka zao walifidia kwa fedha.

YATUPASAYO

Mzee huyu hakuwa tajiri wala mwanazuoni. Alikuwa na ng'ombe watatu, kihamba kisichofika ekari mbili na daftari. Alichotuzidi wengi wetu ni kwamba aliyatenda akiwa hai yale ambayo sisi huwaachia wajane na Mahakama ya Mwanzo. Naye alibahatika kupewa miezi kumi na minne. Anayeondoka kwa ajali ya barabarani hapewi hata dakika kumi na nne.

Kwa hiyo kamati yetu imeamua kwamba kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya Alasiri, patakuwa na meza msikitini ya kuwasaidia waumini kuandika madeni yao, mahari iliyobaki na wasia. Hakuna malipo. Njooni mkiwa na afya, njooni na wake zenu, na mje na mashahidi wawili. Misikiti mingine ya mlimani na tambarare inaweza kufanya vivyo hivyo.

Ewe Mola, msamehe mzee wetu, lipanue kaburi lake, ufanye maradhi yake yawe kafara ya madhambi yake, na umpe mjane wake na watoto wake subira njema. Nasi utujaalie tukutane nawe tukiwa hatudaiwi. Amin.